Sabuni Mbichi Ndiyo Inayong'aa

Ijumaa, baada ya Asri. Mvua inanyesha tangu alfajiri. Si ya radi, ni ile nyembamba isiyochoka, inayolowesha chumvi ndani ya kopo na kufanya nguo zinuke kabla hazijavaliwa. Ni hewa mbaya kwa sabuni. Hewa ya moyo wangu mtaiona wenyewe mbele huko.

Wengi mnaoingia hapa mnakuja kwa ajili ya sabuni, najua. Wiki nzima mmeniandikia. Mama Hawa, sabuni yangu inatoka jasho, nifanyeje? Mama Hawa, imeota madoa ya rangi ya kutu, niitupe? Nilipanga leo niwajibu, na nitawajibu. Ila nitawajibu huku nikisema na jambo lingine, kwa sababu nisipolisema hapa sijui nitalisema wapi.

Tuanze na jasho. Sabuni ya kutengeneza kwa mkono ina kitu ndani yake kinachopenda maji. Hewa ikiwa na unyevu, sabuni inauvuta, na asubuhi unaikuta ina matone kama paji la uso la mtu mwenye homa. Usiifute kwa kitambaa kibichi. Na usiifunge kwenye plastiki ukidhani unaikinga. Ndani ya plastiki inakaa na jasho lake, mafuta yanaharibika, na hayo madoa ya kutu ndipo yanapoanzia. Iache ipate hewa. Iweke mbali na jua, mbali na moshi, mbali na vitunguu, maana sabuni inabeba harufu ya jirani yake. Na mbali na panya. Panya wa hapa mtaani kwetu Jabe wanakula sabuni ya mawese kama sisi tunavyokula biskuti.

Mimi nina kachumba nyuma ya jiko, zamani kalikuwa ka kuku. Mume wangu Ramadhani alinitengenezea rafu mbili za matete, zenye nafasi katikati ili hewa ipite chini na juu. Rafu ya chini ni ya sabuni zilizokatwa karibuni. Rafu ya juu ni ya zile zilizokomaa. Kila Ijumaa, wanaume wakienda msikitini, mimi naingia humo kugeuza sabuni, moja moja, upande uliolala uangalie juu. Hii ndiyo saa yangu ya raha katika wiki. Nageuza na kumtaja Mungu, nageuza na kumtaja Mungu.

Sasa sikilizeni hili vizuri, ndugu zangu, kwa sababu habari yote ya leo imo hapa.

Sabuni mbichi ndiyo inayong'aa. Ile ya mawese ikikatwa leo ina rangi ya chungwa, laini, kona zake kali, utadhani imetoka Asiatique, kule kwenye maduka makubwa ya mjini. Ikikomaa inafifia. Inanyauka, inakuwa ngumu, na mara nyingi inashika unga mweupe juu. Mtu asiyejua akiwekewa zote mbili mbele yake atachukua mbichi. Lakini ndani ya mbichi ile sude, ile chumvi kali ya kuchoma tunayochanganya na mafuta, bado haijalala. Haitazami ni ngozi ya nani. Inauma.

Kwa macho huwezi kujua kama imelala. Unajua kwa ulimi. Unagusisha ncha tu. Ikikupiga kama waya wa umeme, irudishe rafuni. Ikikaa kimya, iko tayari.

Mama mkwe wangu ameniona nikifanya hivyo miaka yote. Alikuwa akicheka. "Mama Hawa analamba sabuni," anawaambia wageni, "hatulishwi vizuri humu ndani."

Tangu apigwe na kiharusi analala chumba cha mbele. Upande wa kulia haufanyi kazi. Mguu haufanyi, mkono haufanyi, nusu ya mdomo haifanyi. Ulimi unafanya. Mungu anisamehe, lakini kama angeniuliza ni kipi apoozeshe, ningekuwa na la kusema.

Kila asubuhi namuosha mimi. Nachukua sabuni ya zamani kuliko zote, naisugua kwenye viganja vyangu mwenyewe hadi povu liwe laini, na ni povu tu linalomgusa. Kipande hakimgusi kamwe, kwa sababu ngozi yake imekuwa kama utando juu ya maziwa, na mgongoni ana kidonda cha kulala ambacho nimekipigania hadi kikaanza kufunga. Naosha, nasuuza, nakausha kwa kubonyeza, sisugui.

Na kila asubuhi ananiambia: "Unaniosha kama sufuria yenye kuungua."

Au: "Mikono yako iko migumu. Nilimwambia Ramadhani, usioe mutoto wa wapika sabuni, utalala na fundi wa gari."

Mimi najibu, "Ndiyo mama." Nimesema ndiyo mama nyingi katika nyumba hii. Zingekuwa sabuni, ningehitaji rafu nyingine.

Basi leo alikuja Zaina.

Zaina ni wifi yangu, mdogo wa mume wangu, na ndiye binti pekee wa mama. Ameolewa na mtu mkubwa wa serikali, wanakaa Kiriri, kule juu ambako mvua ikinyesha maji yanateremka kuja kwetu. Huwa haji. Akija, Jabe nzima inajua.

Leo nilimsikia kabla sijamuona.

"Eh, Mama Hawa! Hii ni barabara ao ni shamba ya muchele? Gari imekataa, imebaki kule mbele. Viatu yangu haijazoea hii maisha."

Alikuwa na rafiki yake mmoja mwenye miwani ya jua, kwenye mvua, mtajaza wenyewe. Walibeba mataulo mapya meupe, na chupa ya manukato.

Mama alisikia sauti ile akawa mtu mwingine. Nusu ya uso wake inayofanya kazi iliwaka. "Ni Zaina? Ni mutoto wangu? Ingia mama, ingia! Mama Hawa, ondoa hiyo ndoo hapa, inanuka."

Ndoo hiyo ndiyo niliyomuoshea asubuhi. Niliiondoa.

"Leo mi mwenyewe nitamuosha mama yangu," Zaina akasema. Hakuniambia mimi, aliiambia simu ya rafiki yake. Ndipo nikaelewa. Alitaka picha za video, za kuweka kwenye simu watu wa Kiriri waone binti anavyomtumikia mzazi, pamoja na yale maneno tunayoyajua sote kuhusu pepo kuwa chini ya miguu ya mama. Mama alikuwa ameshaoshwa, ameshapakwa mafuta, amevishwa. Nilisema hivyo.

"We pumzika, Mama Hawa," akaniambia. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni. "Kabisa, pumzika. Umeanza kufanana na yeye. Mutu akiingia hapa atauliza mugonjwa ni nani."

Rafiki akacheka. "Zaina, weee!"

Na mama akacheka. Kicheko cha nusu mdomo, lakini kilitosha. "Anazeeka vibaya huyu," akasema. "Mi kwa miaka yake nilikuwa bado naangaliwa."

Mimi nina mwili wa kuvumilia, ndugu zangu. Nimezaa, nimezika, nimekimbia vita na mtoto mgongoni na nimerudi. Kicheko hakijawahi kuniua. Lakini cha leo kilipita mahali ambapo vingine havikupita. Huenda kwa sababu mikono yangu ilikuwa bado na harufu ya mgongo wake.

Wakataka sabuni. "Ile ya bio," rafiki akasema, "ya asili, watu wanapenda." Zaina akaenda mwenyewe kachumbani kwangu, mimi na rafiki nyuma yake. Na alifanya anavyofanya kila mtu asiyejua. Macho yake yaliruka rafu ya juu, yakatua rafu ya chini, kwenye sabuni nilizokata juzi, za rangi ya chungwa, zenye kona kali.

"Wifi, hizo bado mbichi," nikasema. "Chukua za juu."

"Mbichi? Ni ndizi?"

Rafiki akacheka tena.

Zaina akachukua moja ya juu, akaiparuza kwa ukucha, ule unga mweupe ukabaki kidoleni. "Angalia hii. Iko kama ukuta wa choo. Ndo hii unamuosha nayo mama yangu?"

"Huo unga si uchafu, wifi, ni..."

"Nimeelewa. Nzuri unauza, yenye kuharibika unamupatia mama. Nitamwambia kaka. Leo leo nitamwambia."

Nilikuwa nairudisha ile kongwe rafuni, sauti ya mama ikatoka chumba cha mbele. Alikuwa amesikia yote.

"Zaina! Achana naye huyo. Chukua yenye unataka, ni nyumba ya kaka yako. Yeye aliingia hapa na sanduku moja, na lilikuwa la kuazima."

Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno yangu. Neno moja tu: itamchoma. Kusema "mbichi" nilisema, lakini mbichi kwa mtu asiyepika sabuni si kitu. Kumwambia itamchoma mama yako mgongoni, pale kwenye kidonda, angesimama hata yeye. Zaina ana kiburi, si kichaa.

Nilimtazama akichagua. Alichagua nzuri kuliko zote.

"Sawa," nikasema.

Hilo ndilo neno nililotoa. Sawa.

Wakateka beseni lao la maji, wakaenda kwa mama. Zaina akaniambia nisiingie, nitaharibu picha kwa kanga yangu iliyochujuka. Basi nikaenda kwenye pipa la maji ya mvua, nikachota ndoo mpya, safi, nikaweka kopo ndani, nikaibeba hadi mlango wa chumba cha mama, nikaiweka pembeni. Zaina alikuwa anauegemeza mlango ubaki wazi, ili mwanga uingie. Kisha nikakaa barazani na ungo wa mchele.

Kwanza nilisikia sauti ile anayotumia kwa simu, tamu, ya polepole. Anasema mama ni mama. Anasema hata uwe na nyumba kubwa vipi. Anasema sabuni hii ni ya bibi zetu, ya kwetu, haina kemikali.

Nilichambua mchele.

Kisha mama: "Aii. Zaina, inawaka."

"Ni uchafu unatoka, mama. Ulikuwa hauoshwi vizuri."

"Inawaka, nakuambia."

"Vumilia kidogo. Geuka. We, unachukua video? Chukua mikono yangu."

Rafiki akasema, "Sauti hiyo ya mama itaharibu." Zaina akasema, "Endelea, tutaweka muziki juu yake."

Nitawaambia ukweli, kwa sababu nimeanza na sitaki kuishia katikati. Kilio cha kwanza kilinipa raha. Si kubwa. Ilikuwa kama kunywa maji ya baridi siku ya joto, ukiyasikia yanapita kifuani. Nikasema moyoni: sasa utajua nani alikuwa anakuosha kama sufuria. Sasa utajua mikono migumu ni ipi.

Vidole vyangu viliendelea. Jiwe nje, jiwe nje, punje ndani.

Kilio cha pili hakikunipa kitu.

Cha tatu hakikuwa na maneno. Ilikuwa sauti ya mnyama mdogo aliyebanwa na mlango, na ndani yake sikusikia mama mkwe, sikusikia matusi, nilisikia tu mtu asiyeweza kujivuta upande wa pili. Nikasimama, mchele ukamwagika, na ndoo nikaipata mkononi bila kuitafuta.

Zaina alikuwa amemlaza kifudifudi na anasugua kipande chenyewe juu ya ngozi, kwa nguvu, kama anasugua kola ya shati. Mgongo ulikuwa mwekundu. Pale kwenye kidonda, ile ngozi changa niliyoilea ilikuwa imeondoka.

Nilimsukuma. Nasikia amejigonga kwenye kabati, sikuona. Nilimwaga maji, kopo juu ya kopo, polepole, yakashuka kwenye godoro, yakashuka sakafuni, hadi ule utelezi ukaisha kwenye ngozi. Mama alikuwa ameng'ata mto. Nilikuwa nasema, pole mama, pole mama, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa nyuma ya shingo yake kama kila asubuhi.

Zaina akatazama viganja vyake mwenyewe. Vilikuwa vimeanza kuwasha. "Ni sumu!" akapiga kelele. "Ameweka sumu! Huyu mwanamuke anataka kuua mama yangu!" Akakitupa kile kipande nje kupitia dirisha, kikaanguka uani kwenye mvua.

"Nilikuambia ni mbichi," nikasema.

Na ni kweli. Nilimwambia. Rafiki yake alisikia, mama alisikia. Mahakama yoyote ingenipa haki. Hilo ndilo linalonitisha, jinsi neno la kweli linavyoweza kukaa vizuri juu ya uongo, likaufunika hadi miguuni.

Alimpigia simu kaka yake. Ramadhani anatunza stoo ya duka la vitambaa la mzee mmoja Mwarabu, Asiatique. Alikuwa ndiyo ametoka kuswali. Alifika amelowa, kanzu imeganda miguuni. Alisikiliza yote ya dada yake, ya sumu, ya sabuni nzuri kuuzwa na mbaya kupewa mama, ya mimi kumsukuma. Ramadhani si mtu wa maneno. Alikwenda akautazama mgongo wa mama yake, akarudi.

"Zaina," akasema, "huyu amemuosha mama tangu siku ya kwanza. Hata kipele mama hajapata. Angejua itamuumiza, angekurukia shingoni palepale."

Kisha akanigeukia. "Si kweli, Mama Hawa?"

Alinitazama kwa macho ya mtu anayeuliza kitu anachokijua.

"Kweli," nikasema.

Mama alikuwa amelala akiangalia ukuta. Mama, ambaye hajawahi kuacha neno lipite bila kulishika mkia, hakusema lolote.

Zaina akaanza kukusanya vitu vyake. Yale mataulo meupe aliyakunja tena, akayarudisha kwenye mfuko. Ndipo mama alipogeuza kichwa.

"Zaina. Nipeleke kwako."

Mvua ilisikika juu ya bati.

"Mama..." Zaina akatazama rafiki yake, akatazama saa. "Mama, kule kwangu iko ngazi mingi. Unajua nyumba za Kiriri, ni ngazi tu. Tutaona. Pona kwanza."

"Sipandi ngazi mi. Nitabebwa."

"Tutaona, mama."

Akambusu kwenye paji la uso, akaacha ile chupa ya manukato mezani, akaondoka akiruka madimbwi. Kutoka barabarani tulimsikia akisema viatu vimekwisha.

Ramadhani alibadilisha godoro, akamnywesha mama chai, akarudi kazini maana mzee wake hana huruma na saa. Akipita karibu nami alinigusa bega. "Usimchukie," akanong'ona. "Ndivyo alivyo Zaina." Alidhani machozi yangu ni ya kuonewa.

Nikaswali Asri. Nilipofika kwenye sijda nilikaa hapo muda mrefu, si kwa uchamungu. Sikujua niinuke na uso gani.

Nilipomaliza, mama akaniita.

"Mama Hawa."

"Labeka, mama."

"Ile ndoo."

Nikajifanya sijaelewa. "Ndoo gani, mama?"

"Ya maji safi. Ilikuwa pale mulangoni kabla mi nianze kulia. Niliiona wakati Zaina anafungua mulango kwa ajili ya mwanga." Alivuta pumzi. Kusema kunamchosha upande mmoja. "Mi nimepooza mukono, Mama Hawa. Macho apana."

Nilikuwa nimesimama na mswala mkononi, sijaukunja.

Kwa nini niliiweka ile ndoo? Tangu mchana nimejiambia niliiweka kwa huruma, ili nimsaidie haraka. Lakini mtu anayejua nyumba itaungua, akakaa kimya, akateka maji akangoja moshi, huyo ana huruma ya namna gani? Ndoo ile ndiyo iliyonisema. Bila ndoo ningeweza kusema hata kwa Mungu kwamba nilisahau.

"Sikumwambia Ramadhani," mama akaendelea. "Unajua ni kwa nini?"

"Apana, mama."

"Usifikirie nimekuhurumia. Atakufukuza. Na mi nitaoshwa na nani?" Nusu ya mdomo wake ikasogea, sikujua kama ni kicheko. "Kwa Zaina iko ngazi."

Nimesikia mengi kutoka kinywa kile. Hili ndilo la kwanza lililomuuma yeye kuliko mimi, na sikupata raha hata tone.

Nilisema, "Mama, nisamehe."

"Apana," akasema. Alisema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayekataa sukari kwenye chai. "Kesho utaniosha weye, kama kila siku. Lakini utaleta sabuni hapa, karibu na uso wangu, na utaonja kwanza. Si kule nyuma. Hapa. Ulimi nje, niuone. Kila siku, mupaka siku ya kunifunga sanda."

"Ndiyo, mama."

"Na siku hiyo pia onja," akasema. Akafumba macho.

Sasa naandika haya nikiwa kachumbani, nimekaa juu ya debe, kabla ya adhana ya Maghribi. Zaina hasomi hapa, anasema Kiswahili ni lugha ya sokoni. Mama hajui kusoma. Ramadhani hana muda wa simu, na kama ataisoma siku moja, basi Mungu ndiye atakuwa ameamua badala yangu, kwa sababu mimi nimeshindwa kuamua. Kila nikifikiria kumwambia naliona lile jicho lake likiuliza kitu linachokijua.

Kipande kile bado kiko uani. Sijakiokota. Mvua inakila taratibu, na povu linatoka jeupe, zuri, linateremka kwenye mfereji kuelekea kwa jirani. Mtu akipita atadhani kuna anayefua.

Nimegeuza sabuni zote, maana ni Ijumaa na hazina kosa. Nilizokata juzi nimezitandikia kanga juu, ili asiziangalie mtu mpaka zitakapokomaa. Mliouliza madoa ya kutu: kama doa ni dogo, kata ule upande, uliobaki ufulie matambara, usiogee. Kama harufu imegeuka kuwa ya mafuta ya zamani, tupa, usijidanganye. Na inayotumika isikae kwenye maji. Iwekee kisahani chenye matundu, ishukie maji yake, ikauke kati ya siku na siku, itakuvumilia muda mrefu.

Kutoka rafu ya juu nimechagua kongwe kuliko zote, ile iliyosinyaa, yenye unga, ambayo hakuna mtu wa Kiriri angeitaka. Nimeisugua ule unga kwa kidole. Nimeigusisha ulimi.

Kimya. Haina hata chembe ya ukali.

Nimeiweka kwenye kisahani, na kisahani nimekiweka karibu na kitanda chake. Kesho asubuhi nitaionja tena, mbele ya macho yake, na keshokutwa, na siku itakayofuata. Sabuni ni salama. Ninayeonjwa ni mimi.